Vitu vya Lazima vya Anne-Marie Kavuo

Karatasi ya maskauti wa parokia iliandikwa juu kabisa "Vitu vya lazima", na Anne-Marie Kavuo alipomaliza kuisoma aliona wazi kwamba aliyeiandika hajawahi kulala nje. Palikuwa na torchi, sahani, kijiko, blanketi, kamba, sabuni, nguo ya baridi na turubai moja kwa kila watu wawili. Chumvi haikuwamo. Panga halikuwamo. Mswaki ulikuwamo.

Anne-Marie ni fundi wa kushona, mjane wa miaka hamsini na nane, mwenye meza yake chini ya baraza la duka la misumari pale Butembo. Anashona sare za shule, na msimu wa harusi ukifika anashona hadi anasahau kula. Anaishi na binti yake Gracieuse na mjukuu wake Joyeuse, wa miaka tisa. Gracieuse yuko Kyavinyonge nusu ya mwezi kufuata samaki, kwa hiyo mtoto analelewa na bibi yake, na bibi yake ndiye aliyeletewa ile karatasi.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka mzima Joyeuse alikuwa amehudhuria mikutano ya maskauti kila Jumamosi, bila kukosa, akiwa hana foulard, kile kitambaa cha skauti, shingoni. Foulard ya kijani anafungwa mtoto aliyetoa ahadi yake, na ahadi inatolewa kambini. Kambi ya mwaka huu ilikuwa Vuhovi, Ijumaa hadi Jumapili, na mtoto asiyefika miaka kumi sharti aende na mtu mzima wa kwao. Gracieuse angekuwa ziwani. Akabaki Anne-Marie, ambaye alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kwamba hatalala tena chini ya turubai, na ambaye hakuweza kumwangalia mtoto usoni na kumwambia hivyo.

Alikubali. Na kwa kuwa alikubali, aliamua kulifanya jambo hilo kama anayelijua, maana kama kuna kitu Anne-Marie anakijua kuliko kupima kola, ni kufunga mzigo. Kabla ya kufika Butembo aliishi kijiji kimoja kaskazini mwa Beni, na katika miaka miwili alikimbia mara nne. Mara ya kwanza alibeba ovyo, akajikuta njiani na mito miwili na saa ya ukutani. Mara ya pili alibeba vizuri zaidi. Mara ya tatu walitoka watu watano wakafika wanne. Mara ya nne alifunga kila kitu kwa dakika chache, akamshika mkono Gracieuse mwenye mimba ya Joyeuse, wakashuka hadi Butembo bila kusahau hata sindano.

Alhamisi mchana, siku ya kukagua mizigo, Anne-Marie alifika uwanja wa kanisa na furushi lililofungwa kwa kitenge, limebebwa kwa mkanda wa kichwani, mgongo umeinama. Wengine walikuwa na mabegi ya shule. Aliwaonea huruma.

Mkuu wa maskauti alikuwa mwalimu Josaphat, mtu mpole, mrefu, anayeongea polepole hata akikasirika. Alieleza kwamba lori litawafikisha njia panda tu, na kutoka hapo ni saa nzima ya kupanda mlima kwa miguu, kwa hiyo kila mtu azunguke kanisa mara tatu na mzigo wake. Anne-Marie alizunguka mara tatu. Hakupumzika, wala hakuomba msaada, lakini mzunguko wa tatu ulimalizika wengine wakiwa wameshaketi, na Josaphat akaomba kuona ndani.

Ndani mlikuwa na turubai, lile ambalo mjini huitwa bashi, la rangi ya buluu, limekunjwa vizuri kama shuka la hospitali. Halafu zikatoka sufuria mbili, panga, jembe bila mpini kwa sababu mpini hukatwa popote, unga wa muhogo, chumvi, na mfuko wa nailoni wenye kadi ya uchaguzi, vyeti vya ubatizo, picha ya arusi na karatasi ya kiwanja ambacho hajakiona kwa miaka tisa. Kilifuata kifurushi cha mbegu za maharage. Josaphat alikishika, akahesabu kimoyomoyo miezi ambayo maharage huchukua kukomaa, akakirudisha chini. Mwisho, ndani ya blanketi, akakuta chuma kizito, cheusi, chenye maua ya dhahabu yaliyofutika.

"Mama Anne-Marie," akasema, "uko unahama?"

"Hapana, chef. Karatasi ilisema vya lazima. Sikuongeza kitu."

"Na hii mashini?"

"Ni kichwa tu. Meza nimeiacha."

Alijibu kwa adabu kabisa, na kwake lilikuwa jibu zuri. Fundi akikimbia hafungui meza. Anatoa mkanda, analegeza skrubu mbili za nyuma, anainua kichwa cha cherehani na kuondoka nacho, kwa sababu meza yoyote ya mbao itafaa kushonea, lakini bila kichwa yeye si fundi tena, ni mwanamke mwenye njaa tu. Anne-Marie ana meza tatu huku na huku katika maeneo ya Beni. Kichwa ni kile kile tangu siku ya ndoa yake.

Josaphat hakucheka, na hilo lilimpa heshima machoni pa Anne-Marie. Alisema tu kwamba kwa mlima ule hawezi kumruhusu na mzigo wa namna ile, kwamba lori linaondoka kesho saa moja asubuhi, na kwamba asipokuja na begi moja jepesi atabaki, na mtoto naye atabaki. Joyeuse alikuwa amesimama pembeni ya bibi yake. Alisikia yote.

Nyumbani wakaketi chini, furushi katikati yao, wakaanza kuchagua. Joyeuse alikuwa na ile karatasi mkononi, na kila kitu ambacho hakikuandikwa alikiweka kando. Jembe lilitoka bila matata. Unga ulitoka kwa sababu parokia ingepika. Mbegu zilitoka baada ya mazungumzo marefu kidogo. Kwa sufuria walipatana moja ibaki, na kwa panga Anne-Marie alishinda. Mfuko wa vyeti ulikuwa mwepesi, Joyeuse akauruhusu. Kikabaki kichwa cha cherehani, nacho Anne-Marie alikuwa amekiegemeza gotini kama anayelea mtoto mchanga.

"Koko, tunaenda siku tatu tu," Joyeuse akamwambia bibi yake.

"Kila mara tulisemaka siku tatu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila walipotoka, mtu fulani alisema tutarudi baada ya siku tatu, mambo yakitulia, na wote wakaitikia, na wengine wakafunga milango kwa funguo. Anne-Marie hakuwahi kumweleza mjukuu wake jambo hili. Sasa alimweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya gauni, huku akifuta chuma kwa pindo la kitenge. Hata hivyo aliogopa, na alimwambia mtoto kwamba anaogopa. Hakuogopa Vuhovi. Alichoogopa ni kufunga mlango akiwa na turubai mgongoni.

Joyeuse alifikiri sana. Halafu akaanza kurudisha blanketi kitandani.

"Basi tubakie, koko. Foulard nitavaa mwaka ingine."

Alilisema bila kununa, na bibi yake hakupata pa kushika. Mtoto akinuna unaweza kumkaripia. Huyu alikuwa anakunja blanketi.

Anne-Marie aliinuka, akakibeba kile chuma hadi kwenye meza yake, ambayo kila jioni hurudishwa nyumbani kutoka barazani, akakiweka mahali pake, akakaza skrubu mbili, akavisha mkanda. Kisha akazikaza tena. Akamwambia Joyeuse alete blanketi upesi, maana begi halijifungi lenyewe.

Vuhovi walifika salama. Ijumaa jioni Anne-Marie alisimamisha turubai lake huku wengine wakibishana juu ya kamba, kisha akawasimamishia na wao. Jumamosi aliwaonyesha watoto namna ya kuchimba mfereji kuzunguka hema ili mvua ipite pembeni. Usiku wote wawili alilala kidogo, lakini alilala, na Jumapili kulipopambazuka alikuwa katika usingizi mzuri kuliko yote ya wiki ile.

Ndipo filimbi ikalia. Ilikuwa ndefu, ya nguvu, ikalia mara tatu, na nje miguu mingi ikaanza kukimbia kwenye majani, na watu wakaanza kuitana majina.

Anne-Marie hakuwaza chochote. Mikono yake ilijua. Kamba zilifunguka, turubai likakunjwa, blanketi na sufuria vikaingia begini, mfuko wa vyeti ukaingia kifuani, na kabla hajaamka sawasawa alikuwa barabarani, anashuka mlima kwa hatua za haraka, begi mgongoni, mkono wa Joyeuse ndani ya mkono wake. Mtoto alikimbia naye hadi kona ya kwanza, kwa utii tu. Alikuwa na kiatu kimoja.

"Koko," akasema, akihema. "Ni ya ahadi. Chef anaita batu ya ahadi."

Anne-Marie alisimama. Aligeuka akaangalia juu. Watoto wote walikuwa wamepanga mstari wakiwa na mashati meupe, na watu wazima nyuma yao, na Josaphat mbele na filimbi mdomoni, na wote walikuwa wanawatazama wao wawili barabarani. Hakuna aliyecheka. Wengi wa wale watu wazima walitoka upande ule ule alikotoka yeye, na wawili kati yao, ikabidi wakubali baadaye, walikuwa wameshavaa viatu, tayari kukimbia.

Walirudi polepole. Aibu ilimchoma Anne-Marie tangu shingoni hadi masikioni, na alitamani mlima uwe mrefu zaidi. Josaphat alimngoja hadi akafika, akatazama saa yake.

"Dakika ine, mama," akasema kwa ile sauti yake ya polepole. "Hapa hakuna mutu anaweza kufanya vile. Weka kwanza begi. Sisi tutangoja."

Wakangoja kweli, mstari mzima, hadi kiatu cha pili kikapatikana. Joyeuse alitoa ahadi yake bila kukosea neno, akafungwa foulard, na bibi yake akapiga makofi hadi viganja vikauma.

Baadaye uji uligawiwa katika vikombe vya plastiki. Anne-Marie aliketi juu ya begi lake lililofungwa, akanywa, na katikati ya kikombe machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyaficha. Mama mmoja aliyekaa karibu alimuuliza kama uji umemuunguza. Anne-Marie alisema hapana. Alisema mara zote nne alizokimbia aliacha sufuria motoni, na kwamba hajawahi kujua kile chakula kingekuwa na ladha gani. Kisha akamaliza kikombe, akamnyooshea mpishi, akaomba cha pili.