Macho Mapya ya Mzee Lekishon

Mzee Lekishon alifika Karatu akiwa haoni. Alitoka Malambo na binti yake Nashipai, baba ameshika ncha moja ya fimbo na binti ameshika nyingine, na hivyo ndivyo walivyoingia kwenye nyumba ya wageni ya shemeji yangu Eva, polepole, kama watu wanaovuka mto. Mimi nilikuwa uani naosha gari. Nilimsogelea nikainamisha kichwa, kama Wamasai wanavyowaamkia wazee wao. Akaniwekea kiganja utosini, akakiacha hapo kwa muda.

"Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Naitwa Modest, mzee. Mmbulu wa Mbulumbulu."

"Mmbulu!" Akacheka. "Babu yako alichukua ng'ombe wetu."

"Na babu yako alichukua wa kwetu."

"Basi tumemalizana," akasema, na tangu hapo tukawa marafiki.

Alikuja kwa ajili ya mtoto wa jicho. Ukungu ulikuwa umemfunika macho yote mawili kidogo kidogo, mpaka akawa anawatambua ng'ombe wake kwa mlio wa kengele na watoto wake kwa mlio wa hatua. Nashipai ni mfamasia Dodoma. Alikuwa amemsihi baba yake muda mrefu akubali kutibiwa, na mzee alikuwa anakataa kwa sababu zile zile: mvua bado, mvua zimezidi, ndama ni wadogo. Safari hii alikubali. Hospitalini wakamfanyia upasuaji jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Walipomfungua bandeji alikaa kitandani, Nashipai alinisimulia, akawa anageuza mikono yake mbele ya uso, mbele na nyuma, kama mtu aliyepewa mikono ya mtu mwingine.

Daktari aliwataka wakae karibu kwa muda, mzee avae miwani myeusi na ajikinge na vumbi. Aliporuhusiwa kutembea, Nashipai alikuwa bado na siku chache za likizo. Ilikuwa Mei, nyasi zimeota kila mahali na wageni ni wachache. Gari langu lilikuwa limekaa tu. Asubuhi moja tukiwa barazani tunakunywa chai, Nashipai akamwambia baba yake, "Papa, umepata macho. Hatuwezi kurudi nyumbani moja kwa moja. Chagua unachotaka kuona, kaka Modest atatupeleka."

Kuwasaidia watu kuchagua ndiyo kazi yangu. Naendesha watalii toka enzi zile barabara ya kupanda kwenye geti la hifadhi ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha tulilala njiani. Siku hizo mgeni alifika Karatu hajui chochote. Jioni ulikaa naye, ukamuuliza anapenda nini, anachoka upesi au la, kisha ukamwelezea sehemu moja baada ya nyingine huku anakutazama mdomoni. Sasa wanakuja wameshachagua kwenye simu huko huko kwao. Wanakuonyesha picha: nipeleke hapa. Nimeyakumbuka sana yale mazungumzo ya barazani. Kwa hiyo nilipomwona mzee amekaa mbele yangu na macho mapya, hana picha yoyote ya simu kichwani, nilivuta kiti kwa furaha.

Nikamweleza. Tunaweza kwenda Eyasi kuwaona wahunzi wa Kidatoga wanavyoyeyusha chuma. Tunaweza kushuka Mto wa Mbu tukaona mashamba ya migomba na nyani wa Manyara. Kuna njia ya msituni ya kwenda kwenye mapango ya tembo, ingawa ina mlima kidogo. Kuna Oldeani, mashamba ya kahawa.

"Na Kreta, bila shaka," nikamalizia. "Wageni wote wanaanza kwa kushuka bonde lile kuona wanyama."

Mzee akageuza uso. "Huko ni kwa wageni," akasema. "Kahawa. Twende tukaone kahawa."

Nashipai alinitazama akainua mabega. Nami nilidhani ni uzee tu.

Oldeani tulikwenda taratibu kwa sababu ya makorongo ya barabarani. Msimamizi wa shamba ninayefahamiana naye akaturuhusu kutembea kati ya miti. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Mzee alisimama kwenye tawi la kwanza na hakuendelea. Alivua miwani yake myeusi, akachuma tunda moja jekundu, akalishika karibu na uso.

"Papa, miwani," Nashipai akasema.

"Ngoja. Nilikuwa nimesahau nyekundu." Akashika upindo wa shuka lake, akaliweka tunda juu yake, akalinganisha. "Hili shuka nilikuwa naliona jeusi. Mama yako ananiambia ni jekundu, mimi nasema anadanganya."

Kisha akainua macho kumtazama binti yake. Mpaka hapo nadhani alikuwa anamtazama kwa kuibia, kama mtu anayeogopa mwanga. Sasa alimtazama sawasawa, paji la uso, mashavu, pengo dogo la meno ya mbele. Alimtazama muda mrefu hata Nashipai akaanza kurekebisha kitambaa chake cha kichwani.

"Kuna nini, Papa?"

"Nilikuacha ukiwa msichana wa shule," akasema. "Sasa una sura ya mama yangu."

"Bibi? Nafanana na bibi?"

"Ni yeye kabisa."

Nashipai hakuwahi kumwona bibi yake huyo. Alikuwa amekufa kabla hajazaliwa, na kwa Wamasai jina la marehemu halitajwi hivi hivi, kwa hiyo hata jina hakulijua. Aliuliza swali dogo tu. "Bibi alikuwa anakaa wapi? Hapo hapo Malambo?"

"Malambo alikuja kufa. Alikuwa anakaa Kreta."

"Juu ukingoni, Nainokanoka?"

"Ndani. Chini kabisa, karibu na mto Munge. Mimi nimezaliwa huko. Nimechunga ndama huko. Nimetahiriwa huko."

Nashipai alikaa kwenye ukingo wa mfereji. Amesoma, amefika vyuo, fomu ya kitambulisho cha baba yake ameijaza yeye mwenyewe, mahali pa kuzaliwa akaandika Malambo. "Mbona hujawahi kuniambia?"

Mzee alifikiri. "Ulipokuja likizo tulikuwa tunaongea habari za shule yako," akasema.

Tulirudi Karatu. Nilijua sasa kwa nini alikataa, na sikuitaja tena Kreta, wala Nashipai hakuitaja. Kesho yake tulikaa pale pale barazani. Nikaanza kuzungumzia Mto wa Mbu. Mzee akanikatiza.

"Modest. Hilo gari lako linaweza kushuka?"

"Linaweza, mzee."

"Basi lishuke."

Tuliondoka alfajiri iliyofuata. Kule juu ukingoni ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba pale wageni wanaposimama kupiga picha hapakuonekana kitu, weupe mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Nashipai alikata tamaa. Aliogopa baba yake ameletwa mpaka pale na macho yake mapya aje aone ukungu ule ule aliokuwa nao.

"Ngoja," mzee akamwambia. "Huu naufahamu. Unaondoka ng'ombe wakishatoka bomani."

Tulizunguka ukingo mpaka kwenye njia ya Seneto, tukaanza kushuka. Katikati ya mteremko ukungu ukabaki juu yetu na Kreta yote ikawa chini, kijani, na ziwa limekaa upande mmoja jeupe kwa magadi. Nimeshuka njia ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara wageni hutoa sauti fulani pale. Mzee aliweka mkono wake kwenye bega langu kutoka kiti cha nyuma na hakuuondoa mpaka tulipofika chini.

Nilifungua paa. Akasimama, ameshika chuma kwa mikono miwili, shuka linapepea. Magari yalikuwa machache. Moja lilitupita, na wageni waliokuwa ndani wakaacha kuwapiga picha pundamilia wakageuza kamera kwake. Nashipai alikunja uso. Mzee mwenyewe alicheka akawapungia mkono. "Hawajawahi kumwona Mmasai kwenye gari?" akauliza.

Tulipokaribia Munge akaniambia nipunguze mwendo. Huko hairuhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, kwa hiyo nilikwenda polepole, nasimama, nasogea tena. Hakukuwa na kitu. Nyasi, nyumbu, vilima kwa mbali. Mzee alikuwa anatazama ukuta wa Kreta, kisha mto, kisha anarudi kwenye ukuta, anapima. Mwishowe akanyoosha fimbo.

Palikuwa na eneo la duara ambapo nyasi zilikuwa fupi na zenye kijani kingine, na swala wengi walikuwa wamelundikana pale wanakula, ingawa bonde zima lilikuwa na malisho.

"Boma likihamishwa, samadi inabaki," akasema. "Nyasi zake zinakuwa tamu. Wale wanakula samadi ya ng'ombe wa baba yangu." Kisha akasita. "Labda. Kulikuwa na maboma mengi. Inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa kule mbele. Lakini wacha tuseme ni hapa."

Nikazima injini. Na hapo, akiwa amesimama na kichwa kimetoka nje ya paa, akatusimulia siku waliyohama, mwaka wa sabini na nne. Alikuwa morani mpya. Amri ilikuja watu wote watoke ndani ya Kreta. Siku moja kabla, mama yake alikuwa amekandika paa la nyumba upya kwa mavi ya ng'ombe kwa sababu mvua zilikuwa karibu. Alikuwa amefanya kazi hiyo mchana kutwa, akalala na harufu yake mikononi. Asubuhi magari yakaja. Vijana wakaondoka na ng'ombe kwa miguu kupanda ukuta, na wanawake wakapakiwa na vyombo vyao. Mama yake alikuwa hajawahi kupanda gari.

"Nilipogeuka nikiwa huko juu," akasema, "paa lilikuwa bado bichi. Jua likilipiga, linang'aa. Nyumba za wengine zote kavu, ya kwetu inang'aa."

Nashipai alikuwa amesimama pembeni yake. Alimuuliza kwa Kimasai, kwa sauti ndogo, na mzee akamjibu kwa Kimasai, na wakaendelea hivyo. Sikuelewa mengi. Nilisikia wakicheka mara moja. Nilisikia pia Nashipai akivuta kamasi. Nilijishughulisha na vioo vya gari.

Mchana tulikwenda Ngoitokitok, kwenye chemchemi, ambapo watu wanaruhusiwa kutelemka na kula. Nilimwonya Nashipai ale ndani ya gari kwa sababu ya mwewe, hakunisikiliza, na mwewe akashuka akampokonya paja la kuku mkononi. Mzee alicheka mpaka ikabidi akae chini. Kisha akaenda ukingoni mwa maji. Viboko walikuwa mbali, nikamwacha. Akachuchumaa, akachota maji, akanawa mikono na viwiko. Alitaka kunawa uso, akakumbuka maneno ya daktari, akaishia kwenye shingo. Nashipai akachuchumaa pembeni yake akafanya vivyo hivyo. Kwa nyuma, wamekaa sambamba, sikuona tofauti ya mgongo wa baba na wa binti.

Tulipopanda kutoka, mzee alilala. Hakuona ukingo, wala msitu, wala geti.

Likizo ya Nashipai ilikuwa imebakiza nafasi ya safari moja zaidi. Alitamani iwe Eyasi. Alimuuliza baba yake, naye akasema, "Nimeona mlichonacho. Sasa nipelekeni nikaone nilichonacho mimi."

Basi nikawapeleka Malambo, njia ndefu yenye mawe na mabonde ya mchanga. Tulifika jua likiwa bado kali. Mke wake, Kakenya, alitoka ndani ya boma akiwa amebeba mtungi wa maji. Hakuukimbilia mkono wa mumewe kama alivyozoea, kwa sababu Nashipai alikuwa amempigia simu kumwambia kuwa mzee anaona, lakini nadhani hakuwa ameamini. Akasimama tu. Mzee akamwendea mwenyewe, bila fimbo ya kushikwa, akasimama mbele yake akamkagua.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe umekuwa mzee toka zamani," Kakenya akajibu. "Nilikuwa nakuficha."

Watoto wote waliokuwa karibu wakapiga kelele za kicheko. Mzee naye akacheka, akamshika mkewe kichwani kwa kiganja, akakiacha hapo. Kisha akauliza ndama wako wapi. Wakamwonyesha. Akaenda zizini peke yake, na kutoka pale tulipokuwa tunakunywa maziwa tulimsikia akiwataja mmoja mmoja kwa rangi zake: kijivu, mwekundu, mwenye doa, mwekundu tena.