Ndoo za Heri Mlangoni kwa Ginka

Raia wa Silistra, vueni kofia. Leo halmashauri ya mji inazindua kibao cha shaba ukutani kwa Ginka Dobreva, mstaafu, muuza miche ya nyanya, jabali la kwanza la makasia kutoka mtaa wetu. Meya ana hotuba. Bendi ya shule imeshawachosha mbwa wote.

Habari yenyewe ni ya mwaka ule Olimpiki ilipowafungulia wanawake mlango wa makasia kwa mara ya kwanza. Waheshimiwa wenye tai walikuwa wamejadiliana miaka na miaka kama kasia linaharibu kizazi. Mwishowe wakakubali, ila wanawake waende nusu ya umbali wa wanaume, wasije wakachoka. Ginka alikuwa akitoka kiwandani, anafua, anapika, ndipo anakwenda mtoni kufanya mazoezi. Alipapenda pale mtoni, maana angalau kwenye mashua mtu unakaa.

Likabaki shindano moja, Ujerumani. "Mkiwa wa tatu, Olimpiki mtaisikia redioni," kocha Velko aliwaambia wanawake wanne wa mashua ile. "Na mwenye hata mafua namtoa. Wa akiba ninaye."

Siku ya safari, mama mkwe wa Ginka, Bibi Stoilka, akamwaga maji mlangoni, kama tunavyomfanyia kila msafiri ili mambo yake yateleze kama maji. Majirani nao wakaona wasipitwe. Mtaa mzima ukaja na ndoo. Ginka akatoka na sanduku lake, akateleza ngazi zote kwa makalio, kifundo cha mguu kikalia kama kijiti kinachovunjika.

"Umeona? Maji yamekubali," akasema Bibi Stoilka.

"Mama, mguu wangu."

"Usilalamike mlangoni, utaharibu heri."

Hakulalamika. Hata kwa Velko hakusema neno. Asubuhi ya shindano wakabeba mashua mabegani, na Zlatka, mwenzake wa mashua aliyekuwa nyuma yake, akanong'ona.

"Shoga, unachechemea."

"Nyamaza, beba."

"Kasia ni miguu, Ginka. Mikono inashikilia tu."

"Nimekwambia beba."

Bendera ikashuka. Wajerumani wakaondoka kama wamesahau sufuria jikoni. Wetu wa nne. Kila Ginka akisukuma, ule mguu unamtukana ukoo mzima, naye anaurudishia. Wa tatu. Mpiga makasia hutazama alikotoka, kwa hiyo Waholanzi, waliokuwa mbele, aliwaona walipoanza kurudi pembeni yake: kwanza mkia wa mashua, kisha mmoja mmoja, nyuso nyekundu kama pilipili za kuchoma. Akasukuma tena, wakapitwa wote, wakabaki nyuma. Wa pili, hadi mwisho!

Kutoka kwenye mashua hakuweza. Mguu ulikuwa boga.

"Umeumia lini?" Velko akauliza.

"Siku ya safari."

"Ningekutoa."

"Ndiyo maana."

Velko akambeba mgongoni. Mwezi uliofuata Ginka akapanda ndege kwenda Kanada, kwenye Olimpiki.

Na leo, kwa heshima yake, mtaa mzima umemwaga ndoo tena. Meya akavuta pumzi. "Mama Ginka, mabinti wa nchi nzima wanakusikiliza. Una lipi la kuwaambia?"

Ginka, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akatazama chini.

"Leteni dekio," akasema. "Ngazi zimelowa."