Ruwaza ya Mifereji Mikavu

Harufu ya mafuta ya nywele ndiyo iliyonilea. Mama alikuwa msusi, na wateja wake aliwasukia mlangoni petu mtaani Mashimoni, mteja akiwa ameketi kwenye kigoda nami nimesimama nyuma nikifuata vidole vya Mama. Alinifunza kwamba msuko huharibikia pale nywele zinapogawanywa, si pale kosa linapoonekana, kwa hivyo nikazoea kutazama nyuma ya kila jambo. Nilikuwa mdadisi hadi nikawa kero. Nilisaka mipangilio inayojirudia, ruwaza kama mwalimu alivyoziita, kwenye vitenge vya wateja, kwenye ngoma za kanisani, hata kwenye jinsi jirani alivyokohoa kabla ya kuja kuomba chumvi.

Kiangazi kimoja mifereji ilikauka kila mara, na ndugu yangu mdogo, Wafula, akaanza kuumwa mikono na miguu. Leo angelia hadi sauti imkauke, keshokutwa angekuwa anacheza mpira. Majirani wengine walimwita mvivu, wengine wakasema kuna mtu kijijini kwetu kule magharibi aliyemtazama vibaya. Mama aliogopa, na hofu yake ilinitisha kuliko kilio chenyewe. Sikujua lolote kuhusu mwili wa binadamu, ila kutazama nyuma nilikujua. Maumivu hayakuja maji yalipokatika. Yalikuja baadaye kidogo. Basi kioski cha maji kilipofungwa tena, nilimchunguza Wafula tangu asubuhi, nikaona hanywi kitu. Maji machache tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kuoshea vichwa vya wateja. Hakuna aliyemkataza kuyagusa, alijikataza mwenyewe.

"Mama, mguu inamuuma maji ikipotea," nilimwambia. "Hakunywangi. Anawekea makastoma."

Mama aliacha kichwa cha mteja nusu, akambeba Wafula mgongoni hadi zahanati moja kule Kawangware, akamweleza muuguzi nilichokiona. Walimpima damu. Ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, na mwili ukikosa maji maumivu huamka. Ruwaza yangu ilikuwa imejua ni lini. Ni kwa nini, haikujua kabisa.

Siku hizi kazi yangu ni kuifunza kompyuta kutambua ruwaza katika picha za mapafu. Rafiki yangu anayetabiri hali ya hewa anasaka zake mawinguni kwa njia iyo hiyo, na bado nashangaa jinsi kazi zetu zinavyofanana na ya Mama. Ila sisahau kwamba ili mimi nione mfuatano, ilibidi Wafula aumie tena na tena.

Mwaka huu Wafula alipata binti, na mtoto akapimwa damu mara tu alipozaliwa. Hana ugonjwa wa baba yake. Wafula aliniwekea mtoto mikononi huku akicheka.

"Huyu hataumia ili ujifunze kitu, dada," akasema.

Nililia mbele ya watu wote, wala sikujali.