Aliyehama Genge na Aliyetumwa Kumtafuta

Perpétue, mama wa binti mmoja, Héritière, ni mzaliwa wa Uvira, na sasa anakaa Fridley, huko Marekani. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wagonjwa wa figo waliokwenda kusafishwa damu kwenye kituo kimoja cha Frogtown. Aliipenda. Wazee wa Kimarekani, akishawafunga mkanda, walimwambia mambo ambayo hata watoto wao hawajayasikia.

Aliyewazidi wote kwa maneno ni Augie Tedesco, anayeishi Woodbury kwa bintiye, Susan. Ujanani alikuwa jambazi, na hilo halifichi. Alifungwa, akatoka, akazeeka. Alianzia genge la Buffalo, kisha akahamia la Florida kwa sababu mkewe alikuwa na pumu na baridi ya Buffalo ilikuwa inammaliza.

"Ukahama tu, Papa Augie?" Perpétue alimuuliza. "Kama mtu anayehama nyumba?"

"Thubutu. Mkubwa wa unakotoka lazima akuachilie, na wa unakokwenda lazima akupokee. La sivyo wewe ni mtoro, na mtoro hutafutwa."

"Na wewe uliachiliwa?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye."

Majira ya baridi yaliyopita, Rahab, Mkenya anayepanga safari ofisini, alimwongezea abiria mwingine, mzee Lou Carbone. Perpétue alimpandisha na kiti chake cha magurudumu, akakifunga. Walipoanza kwenda, Lou akageuza shingo, akamwona Augie.

"Dereva, nishushe," alisema taratibu. "Sipandi gari moja na mtoro."

Augie alikuwa amebadilika rangi. "Mimi si mtoro, Lou. Mkubwa aliniachilia."

"Sisi alituambia umetoroka. Unajua alimtuma nani Florida akakutafute? Mimi."

Mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mwingine ana mkongojo, lakini sauti za namna ile Perpétue alizijua tangu kwao. Alisimamisha gari pembeni.

"Ukanitafuta?" Augie aliuliza.

"Nilikaa ufukweni karibu mwezi. Nikaungua na jua mgongo mzima, nikarudi nikamwapia mkubwa kwamba Florida haupo. Tangu siku hiyo, kila simu yake ikilia nilidhani kuna mtu amemwambia umeonekana. Niliishi hivyo mpaka alipokufa. Na wewe hukuniaga hata kwa neno moja."

Perpétue aliwakatiza, bila kugeuka.

"Papa zangu, kwetu pia wanaume walihama kundi hili kwenda lile. Wakihama, waliobaki walikuja kulipiza kwetu sisi tusio na kundi. Mnabishana nani alimwachilia nani. Watu mliowaibia, wao waliwaachilia lini?"

Gari likaondoka. Walipokaribia barabara ya University, Augie akasema, "Ningekuaga, Lou. Niliogopa utaniomba nibaki."

Lou alikuwa anatazama theluji dirishani. "Ningekuomba," alisema.

Rahab alipopata habari, akapiga simu. "Mama Héritière, niwa-separate hao wazee? Nita-change route, si kazi."

"Acha kwanza," Perpétue akamwambia. "Tuone."

Mpaka theluji inayeyuka, ugomvi wao ulikuwa umebaki kwenye kipasha joto cha gari, mmoja anataka kizidishwe, mwingine kipunguzwe. Swali la Perpétue halikuguswa, ila asubuhi moja Augie alianza mwenyewe habari za mwoka mikate wa Buffalo ambaye walikuwa wakimvunjia vioo. Lou aliomba redio izimwe. Alilikumbuka jina la yule mtu, na la mkewe. Safari nzima walimzungumzia.

Mwezi wa tano kampuni nyingine ilimwita Perpétue, kwa saa ambazo zingemwezesha kuwa nyumbani binti yake akirudi shuleni. Aliona aibu kumwambia Rahab, aliyemwajiri wakati Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alifikiria kuacha tu kwenda kazini. Akawaeleza wazee.

"Mwage," Lou alisema.

"Na uage mbele ya watu," Augie akaongeza, "asije mtu akasema vingine."

Akaaga ofisini, madereva wote wakisikia. Rahab alinuna. "Sasa mimi nitatoa dereva wapi?" Alinuna hadi mchana, kisha akamletea chai ya maziwa na sambusa mbili, wakacheka.

Wazee sasa wanaendeshwa na kijana aitwaye Brandon, asiyependa mazungumzo. Perpétue alipompigia Susan kuulizia hali, Susan alisema hawajali. Wanaongea wenyewe mpaka Frogtown, na kijana wa watu amevaa visikizi masikioni.