Jina la Mama Kwenye Matangazo

Mama alifariki masika, na kompyuta haikujua.

Enzi hizo za ruksa, vitu vya nje vilipoanza kuingia kwa wingi, kliniki ya misheni nilikofanya kazi hapa Songea nayo ilipata kompyuta ya msaada. Bruda mmoja aliandika programu ya wagonjwa wa presha, akanifundisha kuirekebisha kila mahitaji yalipobadilika. Mkali huyo! "Ukigusa kipya, jaribu na cha zamani. Tena kwa mgonjwa unayemjua, ili ikikudanganya ushtuke." Basi mimi nilimwita mama, naye mgonjwa wa presha, kwenye kioo cha kompyuta: umri wake, mtaa wetu wa Mfaranyaki, tarehe ya kurudi. Akitokea sawasawa, basi programu ni nzima. Nyumbani namtania, "Mama, leo umefaulu tena." Naye: "Lione! Yaani unanipa mitihani uzeeni?"

Waliokosa tarehe, programu iliwachapa majina kwenye karatasi, na katekista akayasoma kigangoni baada ya misa. Tulijisifu kweli. Hakuna aliyewaza kwamba mtu anaweza kukosa kliniki kwa sababu amekufa.

Jumapili baada ya arobaini, katekista, mgeni asiyemjua mama, akasoma jina lake. Jina lenyewe la ubatizo, ambalo mtaani hakuna aliyelitumia. Watu wote walimwita kwa jina langu tu, mama fulani. Baba akasimama, ameshika benchi.

"Nimesikia," akasema. "Nitamwambia."

Jamani! Nililia kwa uchungu na kwa hasira. Nikaapa baba hatalisikia tena jina lile pale.

Kesho yake tukaongeza sehemu ya waliofariki. Bruda akanisihi nijaribu kwa mgonjwa mwingine. Nikakataa, maana mama ndiye niliyemzoea. Nikabonyeza, akatoka kwenye orodha. Nikajaribu na vya zamani vyote, vikakubali. Bruda akaniwekea mkono begani.

Jumapili iliyofuata nilikaa na baba. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe, nami nikafurahi kwamba anaanza kupata nafuu. Matangazo yalipoanza akainama mbele, kiganja sikioni, mpaka katekista akakunja karatasi. Tulipofika mlangoni nyumbani akauliza, "Mbona leo hawajamwita?"

"Nimerekebisha, baba. Hawatamwita tena."

Akavua koti taratibu.

"Mngemwacha tu, mwanangu. Mimi nilikwenda kulisikia jina lake."