Damu ya Mzee na Rangi Nyingine Nilizoshona

Siku yangu ya kwanza kazini niliwafanya tausi watembee kwa vichwa. Kitenge cha picha kina juu na chini, na fundi hukilaza upande mmoja kabla ya kutia mkasi. Mimi, kijana wa Heru Juu niliyejiona msomi kwa kumaliza kidato cha nne, nilikikunja katikati nikakata. Gauni likatoka na tausi wima kifuani. Mgongoni, miguu juu.

Tajiri, yaani mwenye duka pale Kasulu mjini, alilizungusha taratibu.

“Filipo, hawa wa nyuma wamepatwa na nini?”

“Wamelala, tajiri.”

“Basi nenda ukalale nao.”

Hakunifukuza. Alinivika futi shingoni, ile kamba ya kupimia, akasema: “Fundi hapigi soga na mteja. Pima, kata, aga.” Nililishika agizo hilo kuliko amri kumi. Lilinifaa; mimi ni mtu wa ndani, hata kisimani nilikwenda kwa kusukumwa.

Enzi hizo vijana walitaka bugaluu, suruali inayobana mapaja na kufagia vumbi chini. Rangi ilikuwa ugoro. Baadaye vitambaa vikaadimika, tukashona kilichopatikana, nacho kilikuwa kaki. Ukiingia kanisani ungedhani ni gwaride. Tajiri alipofungua duka Kibondo alinihamishia huko, kwa fundi mkuu aliyenifunza mshazari, kukata kitambaa kwa pembe ili sketi icheze. Yakaja mabega ya sponji, wanawake wakawa wanapita mlangoni kwa ubavu. Rangi ikawa damu ya mzee, wekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, na harusini haikuwa na mpinzani.

Kibondo nilipanga chumba kimoja. Mji mzima niliujua kwa viuno. Hakuna aliyewahi kunigongea mlango kuniuliza kama nimekula.

Mitumba ilipojaa nikawa fundi wa kupunguza tu. Mwaka 2012 nilirudi Heru Juu na cherehani yangu, nikakuta vijana wamevaa suruali nyembamba za machungwa na njano, miguu kama penseli za rangi.

Miaka miwili baadaye jirani yangu, Mama Devota, akawa anamwoza binti yake. Siku hizi harusi ni sare: kamati huchagua rangi, na kila anayehesabiwa mtu wa nyumba, hata jirani, hupelekewa kipande chake. Niliitia cherehani mafuta, nikaacha mlango wazi. Ushonaji ningewafanyia bure. Nilichotaka ni kipande. Kina mama walipita na mifuko yao wakicheka, hakuna aliyekata kona kuja kwangu. Basi nikajinunulia kitambaa cha damu ya mzee, nikashona shati, nikaenda. Uwanja mzima ulikuwa zambarau na fedha. Nilikula pilau pembeni, peke yangu kama doa.

Mwaka huu wa 2015 macho yamegoma kutunga uzi, nimestaafu. Sherehe ya kuniaga tulihudhuria mimi na cherehani. Kesho yake nilikwenda kwa Mama Devota.

“Mwakeye,” nikamwamkia, kisha nikamuuliza lililonikaa tangu harusi: mbona hakuniletea sare?

Alikuwa anamenya muhogo. Alinitazama mara moja tu.

“Mzee Filipo, sare tunampa mtu anayekaa na sisi. Wewe tangu urudi unakuja na futi shingoni, ukishapima viuno vyetu unaondoka. Hata leo umeivaa.”