Koti la Ushahidi

Kama ndoa yako ilifungwa Kariakoo kwa heshima zake, basi huenda Muhiddin alikuwepo, amekaa karibu na shekhe, koti jeusi juu ya kanzu. Duka lake ni la udi na manukato, lakini sifa yake ni ushahidi. Akisema ameona, ameona. Mwenyewe anaijua sifa hiyo, na haoni haya kujitamba nayo.

Ndiyo maana samansi ilipoletwa dukani, ikimtaka akatoe ushahidi mahakamani, karatasi haikumshtua. Kilichomshtua ni jina la mshitakiwa: Seifu, mtoto wa Haruna, rafiki yake wa tangu ujana. Seifu alirudisha gari nyuma bila kuangalia, akamgonga Evarista, mama anayeuza ndizi mbele ya duka, akamvunja mguu. Kisha akadai mama wa watu alijikwaa mwenyewe. Muhiddin alikuwa mlangoni, aliona yote.

Jioni hiyo Haruna akaja. Kahawa hakuigusa.

"Sema ulikuwa ndani, ndugu yangu. Seifu ni mwanao pia."

"Nikisema hivyo, ndoa zote nilizoshuhudia zitakuwa za nini?"

Haruna aliondoka bila kuaga, na roho ilimuuma Muhiddin kwelikweli.

Siku ya kesi alivaa koti lile lile. Akaapa, akaeleza alichokiona, na sauti haikutetereka hata Seifu alipomtazama kwa macho ya kuomba. Evarista, magongo kwapani, alilia. Muhiddin alitoka kifua mbele. Seifu akatiwa hatiani, akafungiwa leseni na kuamriwa kumlipa mama yule fidia.

Basi mtaa ukamnunia. Wapo waliomwita msaliti. Ndoa zikafungwa bila yeye, koti likakaa kabatini, na Haruna akimwona alivuka barabara.

Hadi alasiri moja Haruna alipoingia dukani, akakaa, akaomba kahawa.

"Rania anaolewa Ijumaa," alisema, macho kwenye kikombe. Rania ni bintiye wa mwisho. "Shahidi mmoja tunaye. Wa pili nakutaka wewe."

"Watu watasemaje, Haruna?"

"Watasema ndoa ya binti yangu imeshuhudiwa na mtu asiyesema uongo hata kwa ajili yangu."

Muhiddin alitaka kujibu kwa maringo yake ya siku zote, akaghairi. Akachukua simu, akampigia mkewe, akamwambia alitoe koti kabatini alipige pasi.